Sampuli za wadudu kutoka Mombasa: vichupa, spiriti na wasafirishaji, tunavyovipima

Kwa mwenye haraka, uamuzi wetu ni huu: pesa ziende kwanza kwenye kifuniko cha kichupa, pili kwenye ethanoli safi (alkoholi ya maabara), na msafirishaji awe wa mwisho. Wengi hufanya kinyume. Hulipia huduma ya ndege ya bei ya juu, na ndani ya boksi wamepanga vichupa vya kubonyeza kwa kidole vilivyojazwa spiriti ya famasi. Boksi hufika Nairobi au Ulaya kwa wakati, lakini limelowa, lebo zimefutika, na nzi aliyetumwa amegeuka kahawia, hana miguu. Anayelaumiwa ni msafirishaji, ilhali hitilafu ilipandishwa garini papa hapa Mombasa.

Tunazungumzia wadudu waliokufa. Wadudu waharibifu walio hai wana sheria zao: kuwaingiza Kenya bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Mimea, Sura ya 324, inayosimamiwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, na nchi nyingi zina katazo kama hilo. Ikiwa maabara ya upande wa pili haijaomba wadudu hai kwa maandishi na kuonyesha kibali, waue kabla ya kufunga. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 48 inatosha kwa wadudu wengi wa shambani, kisha waingie kwenye ethanoli. Usimtie mdudu friza, ukamtoa akayeyuka, ukamrudisha tena. Kila anapoyeyuka, vimeng'enya vilivyo tumboni mwake vinapata nafasi ya kumla kutoka ndani.

Vichupa

Vichupa vya plastiki vya mililita 1.5 vyenye kifuniko cha kubonyeza vimejaa kila maabara kwa sababu ni rahisi na vinaingia kwenye mashine ya kuzungusha. Kwa kazi ya mezani havina ubaya. Kwa safari tunavipa alama 1 kati ya 5. Kifuniko kinashikiliwa na msuguano tu, na shinikizo la hewa kwenye sehemu ya mizigo ya ndege hushuka hadi kuwa kama la mahali palipo juu ya mita 2,000. Hewa iliyobaki ndani ya kichupa hufutuka, kifuniko kikanyanyuka kidogo sana, jicho lisione. Ethanoli hutoroka polepole. Mfungua boksi hukuta kichupa kimefungwa vizuri, ndani mna mdudu mkavu.

Vya mililita 2 vyenye kifuniko cha kuzungusha na pete ya mpira ndani yake vinapata 5. Ndivyo tunavyopendekeza kwa nzi wa matunda, nzi weupe, vidukari, vithiripi na viwavi wadogo. Kagua pete kabla ya kununua pakiti: iwe imekaa sawa kwenye mfereji wake, isiwe imejikunja. Plastiki iwe polipropilini, ambayo ethanoli haiidhuru. Plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, ile ya polistirini, hupasuka boksi likidondoshwa, na ile ya polikaboneti huota nyufa ikikaa na alkoholi.

Mirija ya mililita 15 na 50 yenye ncha ya pembe ni ya wadudu wakubwa. Alama 3. Mingi haina pete ya mpira, inategemea ukingo wa plastiki kubana ukingo mwingine. Nenda kwa fundi bomba ununue ile tepu nyeupe nyembamba ya kuzungushia nyuzi za mabomba. Izungushe mara mbili au tatu kwa upande ule ule kifuniko kinakokazwa, isije ikavuka ukingo wa juu ikaingia ndani. Hapo inapanda hadi 4. Angalizo kuhusu ule wa mililita 50: kanuni za usafiri wa anga, tutakazozieleza chini, zinaruhusu mililita 30 tu za alkoholi kwa kila chombo. Ukiujaza mpaka juu umeshavunja kanuni kabla hujatoka nyumbani.

Vichupa vya kioo vya mililita 20 vinapendeza rafuni. Kifuniko chake chenye utando wa karatasi ya fedha hulegea chenyewe baada ya saa kadhaa, kwa hiyo vikaze jioni na uvikaze tena asubuhi kabla ya kufunga boksi. Vikopo vya mkojo vya famasi, ambavyo watu hupenda kwa kuwa vinapatikana kila mtaa, havifai kwa kimiminika chochote kitakachosafiri. Vifae kwa sampuli kavu.

Kipimo cha kifuniko ni rahisi na kinafaa kifanywe kwa kila pakiti mpya. Jaza vichupa vichache ethanoli, kaza, pima kila kimoja kwa mizani ya gramu 0.01, vilaze kichwa chini juu ya tishu nyeupe mahali penye joto usiku kucha, halafu pima tena. Kichupa cha mililita 2 kikipungua gramu 0.02 au zaidi, pakiti nzima irudi dukani. Joto ni muhimu katika kipimo hiki. Ethanoli ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi cha nyuzi 24 ikaingia buti la gari lililoegeshwa juani miezi ya Kaskazi, hujitanua kwa zaidi ya asilimia 2. Kwa sababu hiyo hiyo usijaze kichupa mpaka pomoni.

Lakini nafasi tupu nayo ina adhabu yake. Kipovu cha hewa hukimbia juu na chini njia nzima na kila kikipita huvunja vipapasio na miguu. Suluhisho ni kipande cha tishu kilichoviringwa na kusukumwa taratibu mpaka kimguse mdudu, kisha ethanoli ijazwe juu yake na iachwe nafasi ndogo kabisa. Tishu, si pamba. Kucha za mdudu hunasa kwenye nyuzi za pamba, na anayemtoa humng'oa miguu.

Spiriti gani

Ethanoli ya asilimia 96 kutoka kwa wauzaji wa kemikali za maabara: alama 5, hata ikiwa bei inauma. Beba barua ya taasisi yako, kwa kuwa muuzaji makini atataka kujua inakwenda kufanya nini. Spiriti ya famasi ya kusafishia vidonda: alama 1. Mara nyingi ina viongezi, mafuta au harufu, na nyingine hugeuka maziwa ikichanganywa na maji. Tena nguvu yake ni ndogo kwa kazi ya DNA. Spiriti ya rangi ya majiko humpaka mdudu rangi, na kwa mdudu anayetambuliwa kwa madoa ya mgongoni hilo ni balaa. Jeli ya kuoshea mikono ina gliserini. Sifuri.

Swali la nguvu ndipo watu wengi hupotea. Kwa uchunguzi wa DNA tumia asilimia 95 hadi 96. Kwa mdudu atakayetazamwa umbo chini ya hadubini, asilimia 70 hadi 80 humwacha akiwa laini, viungo vinakunjuka bila kukatika. Kupata 70 kutoka 96, mimina mililita 73 za ethanoli kwenye silinda na ujaze maji yaliyosafishwa mpaka alama ya 100. Kupata 80, anza na mililita 83. Usipime maji pembeni ukayamwagia yote, kwa sababu vimiminika hivi viwili vikichanganyika ujazo hupungua. Ukitumia kipimo cha kuelea cha alkoholi, kumbuka kimetengenezwa kwa nyuzi 20; kwenye chumba cha Mombasa chenye nyuzi 30 kinasoma juu kwa takriban alama 3, na wewe utadhani una nguvu usiyo nayo.

Mdudu mwenyewe ni maji kwa sehemu kubwa. Ukimshindilia kiwavi mnono kwenye kichupa, maji yake huteremsha nguvu ya ethanoli mpaka ikashindwa kazi. Wadudu wasizidi robo ya ujazo wa kichupa, na ethanoli ibadilishwe baada ya saa 24. Hatua hii ya kubadilisha ni ya dakika moja na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Lebo

Penseli ya 2B kwenye karatasi nzito, na karatasi iingie ndani ya kichupa pamoja na mdudu. Kalamu ya alama inayoitwa ya kudumu hufutika mara ethanoli inapoigusa. Wino wa printa ya kawaida huyeyuka, na wa printa ya leza hubanduka ukaelea vipande vipande, herufi zikamganda mdudu. Nje ya kichupa andika namba tu, tena ifunikwe na tepu angavu.

Maandishi yawe: nchi, kaunti, mahali, majiranukta (namba za GPS) kwa tarakimu nne baada ya desimali, tarehe yenye mwezi kwa tarakimu za Kirumi ili 4 Machi isisomwe 3 Aprili, mmea aliokutwa, sehemu ya mmea, njia ya kukamata, na jina la mkusanyaji. Kuna mtego mmoja wa Mombasa. Embe lililonunuliwa soko la Kongowea halikuota Kongowea. Linaweza kuwa limetoka Kilifi, Kwale, Makueni au Tanzania. Andika mahali liliponunuliwa, na kwenye mstari wa pili asili yake kama alivyoitaja muuzaji, ukionyesha kuwa ni maneno ya muuzaji. Ramani za kuenea kwa wadudu zimewahi kuharibika kwa ajili ya mstari huo mmoja kukosekana.

Kila mdudu na dawa yake

Nzi wa matunda ndio wanaotumwa sana kutoka Pwani, hasa Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kwa miaka kadhaa akaitwa Bactrocera invadens. Buu peke yake ni vigumu kumtambua kwa umbo. Weka tunda juu ya mchanga mkavu uliochomwa, ndani ya chombo kilichofunikwa kitambaa cha wavu, mabuu watoke wajigeuze pupa. Nzi akishatoka usimuue siku hiyo. Mpe sukari na maji kwa siku nne au tano mpaka rangi na mistari ya mgongoni ikomae, la sivyo mtaalamu atapokea nzi mweupe-mweupe asiyesomeka. Tuma nusu kwenye asilimia 96 na nusu kwenye 70. Kwa mitego ya methili yujenoli, chambo cha harufu, hakikisha wewe na mpokeaji mnaelewa kwamba inavuta madume tu. Waya wa kuning'inizia mtego upakwe grisi. Bila hiyo maji moto, wale sisimizi wekundu wa mitini, na sisimizi wengine hupanda usiku wakabeba nzi wote, na asubuhi mtego mtupu husomwa kana kwamba shamba ni safi. Msimu wa masika nzi watolewe mtegoni mapema kuliko kawaida, kwa sababu maji yakiingia nzi huoza.

Viwavi na mabuu, wakiwemo viwavijeshi vamizi, wakitupwa moja kwa moja kwenye ethanoli baridi huwa weusi na kusinyaa, kwa kuwa vimeng'enya vya tumboni vinaendelea kufanya kazi kabla alkoholi haijapenya. Chemsha maji, yaache yatulie kidogo, wazamishe kwa nusu dakika hadi dakika moja mpaka wanyooke, kisha asilimia 80. Ikiwa wachache wanakwenda kwenye DNA, hao watengwe na waingie 96 moja kwa moja.

Vidung'ata na wadudu gamba wasikwanguliwe. Mdomo wao umezama ndani ya jani, ukiwavuta unakatika, na mdomo ni sehemu ya utambulisho. Kata kipande kidogo cha jani lenye wadudu, kiingie chote kwenye asilimia 70 hadi 80. Kwa nzi weupe wa mihogo, wakubwa wavutwe kwa mfyonzo wa mdomo, alfajiri kabla hawajachangamka, moja kwa moja hadi 96. Kwa spishi nyingine za nzi weupe kinachotazamwa ni ganda la pupa chini ya jani, kwa hiyo jani hukaushwa katikati ya magazeti, halitiwi alkoholi. Vithiripi huwa wakavu na kukatika kwenye nguvu kubwa. Asilimia 60 hadi 70 inawatosha kama si wa DNA. Nondo hawatiwi kimiminika kabisa, magamba ya mabawa huanguka yote. Wakunje kwenye bahasha ya karatasi ya pembe tatu.

Chonga, Oryctes monoceros, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa vilele vya minazi, ana gamba ambalo ethanoli hailipenyi kwa wakati. Ukimtumbukiza mzima, nje atapendeza na ndani ataoza. Mtoe mguu mmoja wa katikati, uweke kwenye kichupa cha mililita 2 chenye asilimia 96 kwa ajili ya DNA, kisha mwili ukaushwe kwenye tanuri la nyuzi 40 na ufungwe kwenye tishu. Mwili na mguu vipewe namba moja. Hivyo unasafirisha mwili mkubwa wa mbawakawa bila tone la alkoholi, tena kwa urahisi zaidi. Dumuzi wa mahindi na mihogo mikavu ni mdogo, hana shida, ila mchekeche kwanza. Unga ukiingia kichupani hugeuka uji.

Sampuli kavu Mombasa zina adui wa peke yake, unyevunyevu. Jeli ya silika iwe na uzito usiopungua mara 10 ya uzito wa kinachokaushwa. Nunua ile ya rangi ya machungwa inayogeuka kijani, kwa sababu ya buluu ina kobalti ambayo ni sumu. Ikishachoka, ioke kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili itafufuka. Bila hiyo, ukungu huota ndani ya siku chache.

Mifuko na boksi

Hapa ndipo kanuni ya IATA, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inayoitwa Special Provision A180 inapoingia, na ni zawadi kwa anayeielewa. Ethanoli ni kimiminika kinachowaka, namba yake ni UN 1170, na kwa kawaida ingehitaji tamko la bidhaa hatari na mtu mwenye cheti. A180 inasamehe vielelezo visivyo na maambukizi, wadudu wakiwemo, mradi masharti yote yatimie. Kila chombo kisizidi mililita 30 za alkoholi. Vyombo viwekwe kwenye mfuko wa plastiki uliozibwa kwa joto. Mfuko huo uingie kwenye mfuko wa pili wenye kitu cha kunyonya kimiminika, nao uzibwe kwa joto. Kisha boksi gumu lenye vya kuzuia mtikisiko. Jumla ya alkoholi kwenye boksi zima isizidi lita 1. Juu yake paandikwe kwa Kiingereza, kama kanuni inavyotaka: "scientific research specimens, not restricted, Special Provision A180 applies". Hati ya mzigo wa ndege nayo itaje kwamba mzigo haukuzuiwa, pamoja na namba ya kanuni.

Mfuko wa zipu hauhesabiki. Kanuni imesema kuzibwa kwa joto, na mkaguzi mzuri atauangalia. Mashine ndogo ya mezani ya kuziba mifuko ndiyo ununuzi wenye thamani kubwa kuliko wote baada ya vichupa na ethanoli, alama 5 bila kusita. Tafuta mifuko mizito, ile ya kufungia samaki kwa vakyumu inafaa. Tangu katazo la mifuko ya kubebea la Agosti 2017, laini-laini za zamani hazipo madukani na wala hatuzikumbuki kwa wema. Ziba mara mbili, mistari miwili iliyoachana nusu sentimita, na ukingo uwe mkavu. Tone la ethanoli likiwa kwenye ukingo, mvuke wake huacha kitundu kwenye mshono, tena alkoholi karibu na waya wa moto si mchezo. Futa, subiri, ndipo ubonyeze.

Kitu cha kunyonya kiwe na uwezo wa kunywa alkoholi yote iliyo ndani. Ijaribu kwenye sinia: weka karatasi za jikoni ulizokusudia, mwagia kiasi kile kile cha maji, inamisha. Kikitiririka, ongeza. Boksi liwe la tabaka mbili, na vichupa visiguse ukuta wake. Acha sentimita tano za kujazia kila upande. Litikise sikioni. Ukisikia chochote, fungua upya.

Kuna njia nyingine ndani ya A180 ambayo haitumiki vya kutosha: mwaga ethanoli, mfunge mdudu kwenye tishu iliyolowa, mtie kwenye mfuko uliozibwa. Kimiminika kinakuwa kidogo sana, uzito unashuka, hakuna kipovu cha kuvunja miguu. Kwa mbawakawa na viwavi tunaipenda kuliko vichupa. Kwa nzi weupe na vithiripi hapana, mpokeaji atawatafuta kwenye mikunjo ya tishu siku nzima.

Barafu kavu kwa sampuli zilizo kwenye ethanoli ya 96 ni hasara. DNA hukaa salama siku kadhaa hata wiki kwenye joto la kawaida ikiwa ethanoli ilibadilishwa. Barafu kavu ina namba yake, UN 1845, ina lebo yake, inahitaji boksi linalopumua, na hupotea kilo kadhaa kwa siku. Iachie kazi za RNA na tishu za mwili zilizogandishwa.

Wasafirishaji

Ofisi za vifurushi vya mabasi, zile zilizojazana Mwembe Tayari na kuendelea, kwa Nairobi tunazipa 3. Zinaondoka usiku, asubuhi kifurushi kipo, na bei haiumizi. Udhaifu ni buti: joto, mizigo mizito juu, na mpakiaji anayerusha. Boksi likiwa limefungwa kama tulivyoeleza, linahimili. Mwambie karani ukweli kuhusu kilichomo na uandike namba ya mpokeaji pande mbili za boksi. Kuandika "nyaraka" ili upite haraka ni kuwahatarisha abiria, tena mzigo ukipotea huna pa kudai. Treni ya SGR hatuipendekezi kwa sampuli za alkoholi, maana mizigo ya abiria hukaguliwa na vimiminika vinavyowaka havitakiwi. Sampuli kavu ndani yake hazina neno.

Kampuni za kimataifa za vifurushi: 2 hadi 4, kutegemea karani uliyempata. Tatizo linalojirudia ni kwamba mpokea mizigo wa dirishani hajasikia A180. Akisikia alkoholi anakataa, au vibaya zaidi anakubali bila kuandika chochote, na mzigo unakwama uwanja unaofuata. Usianzie dirishani. Piga simu siku mbili kabla, omba kuzungumza na mhusika wa bidhaa hatari, mtumie maandishi ya kanuni na picha ya boksi, upate jibu la maandishi, ulichape ulibandike kwenye hati. Thamani ya forodha usiandike sifuri, mifumo mingi huikataa. Andika kiasi kidogo cha dola na uongeze kwamba havina thamani ya kibiashara na si vya kuuzwa. Posta iwe ya sampuli kavu tu, kwani vimiminika vinavyowaka haviruhusiwi kwenye barua.

Mzigo wa ndege kutoka Uwanja wa Moi kupitia wakala una maana ukiwa na maboksi mengi. Kwa boksi moja, gharama za wakala hula faida yote. Na kwa mtafiti anayesafiri mwenyewe, kanuni za IATA zinaruhusu abiria kubeba sampuli zilizofungwa kwa masharti ya A180. Hiyo ndiyo njia tunayoipa 5, mradi karatasi ziwe mkononi, si ndani ya begi lililokwisha kwenda.

Tuma Jumatatu au Jumanne. Boksi la Ijumaa hulala bohari mwishoni mwa juma, na bohari la mabati la Mombasa adhuhuri ni tanuri.

Karatasi

Ndani ya Kenya, kutoka Mtwapa au chuo cha Tudor hadi maabara za Nairobi, barua ya taasisi na orodha ya sampuli kwa kawaida zinatosha. Kuvuka mpaka ni kazi ya miezi, kwa hiyo ianze kabla ya kukamata mdudu wa kwanza. Utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kibali cha kufikia rasilimali za kijenetiki cha NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) chini ya kanuni za 2006, na mkataba wa kuhamisha sampuli baina ya taasisi mbili unaosema nani anamiliki na nini kinaruhusiwa kufanywa. Kenya ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali hizo, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, na majarida na makumbusho mengi sasa huuliza karatasi hizo.

Mtego mkubwa wa mpakani huwa ni jani na udongo. Kidung'ata aliyekufa kwenye alkoholi hana kelele, lakini jani kavu lililobanwa kwenye gazeti ni mmea: litataka kibali cha nchi ipokeayo na cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, ambao wana ofisi Mombasa. Udongo uliogandana kwenye miguu ya mbawakawa unaweza kuzuia boksi zima. Mwoshe kwa brashi laini. Kwa Marekani, hata wadudu waliokufa hutangazwa kwa fomu 3-177 ya idara yao ya wanyamapori, na anayeijaza ni mpokeaji au wakala wake. Mkumbushe.

Weka nakala tatu za karatasi: moja ndani ya boksi juu ya mfuko wa nje, moja kwenye bahasha iliyobandikwa nje, moja kwa barua pepe pamoja na namba ya ufuatiliaji na orodha ya vichupa. Mpokeaji afungue siku ile ile, alinganishe namba, aongeze ethanoli panapopungua, apige picha ya kila kichupa kilichovuja, na aeleze kilivuja upande gani, kwa sababu pakiti iliyobaki ya vichupa hivyo bado iko rafuni kwa mtumaji.